Jagadish Chandra Bose na Mawimbi Yanayotambua Maji

Umekwisha kujifunza kwamba mmea hunywa maji kwa mizizi yake, na kwamba maji hayo yamo katikati ya punje za udongo. Maji hayo ndiyo tuyaitayo unyevu wa udongo. Unyevu ukiwa haba, mbegu haioti. Ukizidi, mbegu huoza, na mvua inayofuata hukosa mahali pa kuingia, basi hutiririka juu ya ardhi na kuleta mafuriko. Mkulima hutambua unyevu wa shamba lake kwa kuufinya udongo kiganjani. Lakini nchi nzima je? Nani awezaye kuufinya udongo wa wilaya zote kwa siku moja?

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na setilaiti, yaani vyombo vilivyorushwa juu angani ili viizunguke dunia. Vyombo hivyo havigusi udongo hata kidogo. Hutumia mawimbi yasiyoonekana yaitwayo maikrowevu. Katika sura hii utasoma habari za mtu mmoja aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuyatengeneza mawimbi mafupi ya namna hiyo na kuyapima. Jina lake ni Jagadish Chandra Bose, mwananchi wa India. Yeye mwenyewe hakuona setilaiti hata moja, maana alifariki miaka 20 hivi kabla ya setilaiti ya kwanza kurushwa.

Bose alizaliwa tarehe 30 Novemba, 1858, huko Bengal ya Mashariki, sehemu ambayo leo ni nchi ya Bangladesh. Wakati huo India ilikuwa ikitawaliwa na Waingereza. Baba yake, Bhagawan Chandra, alikuwa hakimu katika utumishi wa serikali. Wahindi wenye vyeo kama chake walikuwa wakiwapeleka watoto wao katika shule za Kiingereza, maana huko ndiko kulikokuwa na njia ya kupata kazi nzuri. Bhagawan Chandra hakufanya hivyo. Alimpeleka mwanawe katika shule ya kijijini iliyofundisha kwa Kibengali, lugha ya nyumbani, kwa kuwa aliona kwamba yampasa mtoto kuijua lugha yake na watu wake kabla ya kujua mambo ya wageni.

Katika shule hiyo Jagadish alikaa kati ya mtoto wa mtumishi wa baba yake na mtoto wa mvuvi. Watoto hao walimsimulia habari za ndege, za wanyama na za viumbe wa majini, naye alizisikiliza kwa hamu kuu. Husimuliwa pia kwamba mtu aliyekuwa akimbeba begani kumpeleka shule alikuwa zamani jambazi. Hakimu mwenyewe ndiye aliyemhukumu kifungo, na alipotoka gerezani bila kazi, hakimu huyo huyo akamwajiri. Njiani jambazi huyo wa zamani alimsimulia mtoto visa vya mapigano yake, na wala hakuna aliyejuta kumwamini.

Mwaka 1869 Jagadish alipelekwa Calcutta, mji ambao sasa huitwa Kolkata, akasoma huko hata akapata shahada ya chuo kikuu mwaka 1879. Mwaka uliofuata alisafiri kwa meli kwenda Uingereza. Kwanza alijifunza udaktari mjini London, lakini homa ilimsumbua mno, ikambidi aiache kazi hiyo. Akahamia Cambridge, akasoma elimu ya viumbe na elimu ya nguvu za asili. Mmoja wa walimu wake huko alikuwa Lord Rayleigh, mtaalamu mkubwa wa mawimbi ya sauti na ya nuru.

Alirudi kwao, na mwaka 1885 akapata kazi ya kufundisha fizikia katika Presidency College ya Calcutta. Hapo alikuta desturi iliyomchukiza. Mwalimu Mhindi alilipwa theluthi mbili tu za mshahara wa mwalimu Mzungu, ingawa kazi yao ilikuwa moja. Bose hakugombana na mtu, wala hakuacha kazi. Alifundisha kila siku kwa bidii, na mwisho wa mwezi akakataa kuupokea mshahara. Alifanya hivyo miaka mitatu. Fikiri jinsi jambo hilo lilivyokuwa gumu, maana wakati huo baba yake alikuwa na madeni makubwa, naye Bose alioa mwaka 1887 akiwa katika hali hiyo hiyo. Mkewe, Abala, ambaye baadaye alikuwa mtetezi mkubwa wa elimu ya wanawake, aliivumilia shida hiyo pamoja naye. Mwishowe wakubwa wa chuo walishindwa. Walimpa mshahara kamili, pamoja na ule wa miaka yote mitatu iliyopita. Fedha hizo zilisaidia kulipa madeni ya baba yake.

Hata hivyo chuo hakikumpa maabara. Alipata chumba kidogo tu chenye ukubwa wa futi za mraba 24, yaani zaidi kidogo ya mita za mraba 2. Chukua rula ya mwalimu, upime sakafu ya darasa lako, uone kiasi hicho kilivyo kidogo. Vifaa alivifanyiza kwa fedha zake mwenyewe, akisaidiwa na fundi wa bati ambaye alimfundisha kazi hiyo. Siku alipotimiza umri wa miaka 36, mwaka 1894, alijiwekea ahadi ya kuutumia wakati wake katika uchunguzi wa sayansi.

Sasa tujifunze juu ya jambo alilolichunguza. Tupa jiwe katika bwawa lililotulia. Utaona mawimbi yakienda pande zote. Umbali kutoka mgongo wa wimbi moja hadi mgongo wa wimbi lifuatalo huitwa urefu wa wimbi. Nuru nayo ni mawimbi, lakini mafupi mno hata jicho haliwezi kuyatenga. James Clerk Maxwell, mtaalamu wa Uskoti, alikuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba nuru ni mawimbi ya umeme na sumaku, na kwamba yaweza kuwapo mawimbi mengine ya jamii hiyo hiyo yaliyo marefu zaidi, ambayo macho hayayaoni. Mwaka 1888 Heinrich Hertz wa Ujerumani aliyatoa mawimbi hayo kwa cheche za umeme. Mawimbi ya Hertz yalikuwa marefu. Hata yale aliyoyaelekeza kwa vioo vya mabati yalikuwa na urefu wa sentimita 66 hivi, na vioo vyenyewe vilikuwa na kimo cha mita 2. Vifaa kama hivyo visingeweza hata kuingia katika chumba cha Bose.

Yawezekana ndiyo sababu Bose aliona shida ya kazi hiyo upesi. Ukitaka kujua kama mawimbi hayo hupinda na kurudi kama nuru, yakupasa uwe na mawimbi madogo kuliko vyombo vyako. Basi alitengeneza kitoa-cheche kidogo sana, akapata mawimbi yenye urefu wa milimita 5 tu, na mengine hadi milimita 25. Pima milimita 5 kwa rula yako. Vifaa vyake vyote vilitosha juu ya meza ndogo. Mawimbi aliyapitisha ndani ya bomba, na mwisho wa bomba aliweka mdomo uliopanuka kama tarumbeta, ili yaelekee upande mmoja bila kutawanyika. Upande wa pili aliweka chombo cha kuyapokea, kilichofanyizwa kwa springi ndogo za waya zilizogusana. Mawimbi yakifika, umeme hupita kwa urahisi zaidi katika springi hizo, na mshale wa galvanometa huchezacheza.

Kwa vyombo hivyo Bose alipima jinsi mawimbi yanavyorudishwa na mabati, na jinsi yanavyopinda yakiingia katika kioo au katika salfa. Alitumia hata nyuzi za juti, zile zinazoshonewa magunia, akaona kwamba fungu la nyuzi hizo huyapitisha mawimbi yakielekea upande mmoja, na kuyazuia yakielekea upande mwingine. Angalia vizuri hapa, kwa maana ndiyo shina la habari yetu. Kila kitu kina namna yake ya kuyapokea mawimbi hayo. Kitu kinachoizuia nuru chaweza kuyapitisha, na kinachoipitisha nuru chaweza kuyazuia. Tofali kavu huizuia nuru kabisa, lakini mawimbi mafupi ya umeme hupenya ndani yake. Maji safi huipitisha nuru hata unaona mchanga chini ya kisima, lakini mawimbi hayo huyameza.

Mwaka 1895 Bose aliwaonyesha watu wa Calcutta jambo ambalo wengi walidhani ni mazingaombwe. Aliyatoa mawimbi katika chumba kimoja, yakapita katika kuta tatu, hata chumba kilichokuwa mbali kiasi cha mita 23. Huko mawimbi yaligonga kengele na kuwasha baruti, bila waya wowote kuunganisha vyumba hivyo. Mwaka 1896 alikwenda Uingereza, na mwezi wa Januari 1897 akazungumza mbele ya wataalamu wa Royal Institution mjini London, akiwa na vyombo vyake vidogo vilivyotengenezwa Calcutta. Wale waliodhani kwamba Mhindi hawezi sayansi ya vipimo walinyamaza.

Wafanyabiashara walitaka kununua siri ya chombo chake cha kupokelea mawimbi. Bose alikataa kujitajirisha kwa elimu, akazieleza kazi zake mbele ya watu wote. Mara moja rafiki zake walimshurutisha, akapata nchini Marekani, mwaka 1904, hati ya kumlinda mvumbuzi kwa ajili ya chombo alichokitengeneza kwa jiwe la galena, ambalo ni mawe ya risasi. Lakini hakuitumia hati hiyo kujipatia fedha. Watu wengine wakatajirika kwa redio.

Baada ya mwaka 1900 Bose aliyaacha mawimbi, akageukia mimea. Pengine utaona ajabu kwamba mtu aliyefaulu hivyo aiache kazi yake. Lakini alikuwa ameona kwamba vyombo vyake vya madini vilionyesha kuchoka vikitumiwa mno, na kupata nguvu tena vikipumzishwa, basi akataka kujua kama mimea nayo huchoka. Bila shaka wamjua kifauongo, mmea ambao ukiuguswa hufumba majani yake. Bose aliupima mmea huo na mingine mingi. Alibuni kreskografu, chombo kilichokuza mwendo wa mmea unaokua mara 10,000, hata mtu akauona mmea ukirefuka mbele ya macho yake. Alichunguza pia jinsi maji yanavyopanda kutoka mizizini hadi majani. Maelezo yake juu ya jambo hilo la mwisho hayakukubaliwa na wataalamu wengine, wala hayakubaliwi leo. Vipimo vya kazi yake vilikuwa vizuri kuliko baadhi ya maelezo yake.

Tarehe 30 Novemba, 1917, siku yake ya kuzaliwa, alifungua mjini Calcutta chuo cha utafiti, ili vijana wa India wasiteseke kwa kukosa maabara kama alivyoteseka yeye. Alifariki tarehe 23 Novemba, 1937, mjini Giridih. Ilikuwa imebaki wiki moja atimize miaka 79.

Na yale mawimbi mafupi? Yalikuwa yamesahauliwa kwa muda mrefu. Guglielmo Marconi na wenzake walipotaka kupeleka habari ng'ambo ya bahari walitumia mawimbi marefu, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyofika mbali. Mawimbi mafupi yalionekana kuwa kama mchezo wa maabara. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndivyo vilivyowarudisha watu kwenye kazi hiyo, walipotengeneza rada za kugundulia ndege na meli, zilizotumia mawimbi ya sentimita 10 na ya sentimita 3. Mabomba na midomo ya tarumbeta ikarudi kazini.

Vita vilipokwisha, wataalamu walitazama chini badala ya juu. Walijiuliza kama mawimbi hayo yangeweza kueleza habari za ardhi. Katika miaka ya 1970 walipitisha vyombo juu ya mashamba kwa ndege, na mwaka 1973 kituo cha angani cha Marekani kiitwacho Skylab kilibeba chombo cha kupokea mawimbi yenye urefu wa sentimita 21 kutoka ardhini.

Huenda ukauliza, ardhi nayo hutoa mawimbi? Ndiyo. Kila kitu chenye joto hutoa mawimbi hafifu ya aina hii, ardhi, ukuta, hata mwili wako. Udongo mkavu hutoa mawimbi mengi. Udongo uliolowa hutoa machache, hata kama joto la udongo wote wawili ni sawa. Sababu yake ni maji. Chembe ndogo kabisa ya maji ina upande wa umeme chanya na upande wa umeme hasi, na wimbi likipita chembe hiyo hugeukageuka kulifuata. Wataalamu huipima tabia hiyo kwa namba. Kwa udongo mkavu namba hiyo ni 4 hivi, na kwa maji ni karibu 80. Tofauti ni kubwa mno. Mawimbi yanayotoka ndani ya udongo uliolowa yakifika juu, mengi hurudishwa chini, kama nuru inavyorudishwa na kioo, na machache tu hutoka kwenda angani. Kwa hiyo chombo kilicho juu kikipokea mawimbi machache, mtaalamu hujua kwamba chini kuna maji.

Mnamo Novemba 2009 nchi za Ulaya zilirusha setilaiti iitwayo SMOS kwa kazi hiyo. Mwezi wa Januari 2015 Marekani ilirusha nyingine iitwayo SMAP. Hiyo ya pili iliwekwa juu kiasi cha kilomita 685, ikiwa na antena ya wavu yenye upana wa mita 6 inayozunguka kama pia. Katika siku mbili au tatu huipima karibu dunia yote, India ya Bose, na Dodoma na Turkana pia. Ilikuwa na rada pia, ya kupeleka mawimbi yake yenyewe chini na kusikiliza mwangwi, lakini rada hiyo iliharibika mwezi wa Julai 2015, ikabaki sehemu ya kusikiliza tu. Sehemu hiyo ndiyo iliyoendelea na kazi.

Mawimbi ya milimita 5 aliyoyatumia Bose yasingefaa kazi hii. Majani ya mahindi yana maji, nayo yangeyazuia yasifike juu. Mawimbi ya sentimita 21 hupita katikati ya mimea ya shamba, hupita hata katika mawingu, usiku na mchana. Mataifa yamekubaliana kwamba mtu asirushe matangazo kwa mawimbi ya urefu huo, ili vyombo visikie vizuri; wako wasiotii, na huko vipimo huharibika.

Usidhani kwamba setilaiti hujua yote. Hupima unyevu wa juu tu, kiasi cha sentimita 5, ambapo mzizi wa mhindi hushuka chini zaidi. Msitu mnene huishinda. Tena kipande kimoja cha ardhi kinachopimwa kina upana wa kilomita 40 hivi, basi haiwezi kukuambia habari za shamba la wazazi wako peke yake. Yaweza kusema kama wilaya inakauka mapema kuliko mwaka jana, na hilo ni jambo kubwa kwa watu wanaopanga akiba ya chakula kabla njaa haijaingia.

Vipimo vya angani hupimwa tena kwa jembe. Wataalamu huchimba udongo katika mashamba yaliyochaguliwa, huupima kwa mizani, huukausha katika tanuri yenye joto la sentigredi 105 kwa muda wa siku moja, kisha huupima tena. Uzito uliopungua ndio uzito wa maji. Nawe waweza kufanya hivyo shuleni. Chukua udongo katika kopo, uupime, kisha uuanike juu ya bati kwenye jua kali siku kadhaa, ukiugeuza, hata uzito wake usipungue tena. Jua halikaushi kama tanuri, lakini tofauti itaonekana. Ikiwa udongo wako ulikuwa gramu 250, na baada ya kukauka ni gramu 200, ulikuwa na maji gramu ngapi? Kwa kila gramu 100 za udongo mkavu, maji yalikuwa gramu ngapi? Chukua udongo wa chini ya mwembe na udongo wa njiani siku hiyo hiyo, uandike namba zake katika daftari, kisha ueleze ni udongo gani kati ya hiyo miwili ungetoa mawimbi mengi zaidi kwenda angani, na kwa nini.